Unga mzuri, kanuni zimelala: miaka 3 yangu ya uwakala wa virutubisho, Tanga

Nauza unga wa lishe wa kampuni moja isiyoweka bidhaa madukani, kila kitu kinapita kwa mawakala. Naipa nyota 3 kati ya 5, na zote 3 ni za unga wenyewe.

Kopo ni la gramu 550, ladha ya vanila. Ukikoroga na maji ya baridi kidogo kwanza, ndipo umimine maziwa, hauweki mabonge. Kwa glasi moja kwa siku unakupeleka wiki 3. Wateja wangu wengi ni kina mama wa Ngamiani na walimu wanaotoka nyumbani alfajiri bila chai, na wanarudi kununua bila mimi kuwasumbua. Mzigo unakuja kwa basi kutoka Dar, ukiagiza Jumatatu, Jumatano unao. Makopo mawili yaliwahi kufika yamebonyea, nikabadilishiwa bila maneno.

Kinachoniuma ni kanuni. Kitabu cha wakala kinasema wazi kwamba usimwambie mteja bidhaa inatibu ugonjwa. Kwenye kopo lenyewe imeandikwa hivyo hivyo. Hata kanuni za maadili za WFDSA, shirikisho la dunia la biashara hii, zinataka wakala aseme juu ya bidhaa yale tu yaliyoidhinishwa na kampuni.

Mwezi wa tatu wakala mwenzangu, tuko timu moja chini ya lida (kiongozi wa timu) mmoja, akawa kila asubuhi anaweka stetasi ya WhatsApp, picha yenye maneno: "Sukari na presha kwaheri, siku 21 tu!" Niliiona nikaipita, na hapo nilikosea. Wiki ya pili bibi mmoja wa Chumbageni, mteja wangu, akaniambia ameacha metformini, dawa yake ya sukari, kwa sababu "yule mwenzio kasema unga unatosha." Nguvu ziliniisha. Jioni ile mwanawe alimpeleka kupima, sukari ikasoma 19, juu mno. Akarudishwa kwenye dawa.

Sikuandika neno kwenye grupu la timu. Mtu mzima humwaibishi mbele ya watu 60. Nilimfuata kwake baada ya alasiri.

"Hodi. Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu, karibu ndani."

Tukanywa chai, tukaulizana za watoto. Kisha nikamfungulia kitabu kwenye ukurasa wenyewe. "Dada, hili tumekatazwa. Nimekuja kwako kwanza, kwa lida sijafika." Nikamweleza habari za bibi, na ile 19.

Alikaa kimya muda. "Mimi sikuyatunga hayo," akasema. "Ile picha tuligawiwa na lida kwenye semina, tukaambiwa tuiweke kila siku." Akaifuta nikiwa nimekaa pale pale, na kesho yake tukaenda wote Chumbageni, akamwomba bibi radhi. Nampa heshima yake kwa hilo.

Kumbe kosa lilianzia juu. Tukaipeleka kwa kampuni sisi wawili. Fomu ya malalamiko ni kurasa 4, Kiingereza kitupu, wakati kitabu cha kusajili mawakala wapya kiko kwa Kiswahili safi. Jibu lilikuja baada ya siku 17: asante kwa taarifa, basi. Lida akaniuliza kwa nini naharibu biashara ya timu. Semina ya mwezi wa tano, picha ile ile ilikuwa bado ukutani.

Kwa hiyo unga nunua, ni mzuri kwa asubuhi. Wakala akikutajia sukari, presha au vidonda vya tumbo, mwombe akuonyeshe palipoandikwa kwenye kopo. Na dawa ulizopewa hospitali usiziache.

Bibi hanunui tena, wala sijamsisitiza. Nilimrudishia 95,000 yake kutoka mfukoni mwangu, maana kampuni hupokea kopo lililofungwa tu, na lake lilikuwa limebaki nusu.