Uzoefu wangu na tiketi ya Seishun 18 nikiwa mkaazi wa kigeni Japani

Mgeni anayeishi Japani kwa kibali cha kazi au cha masomo hugundua mapema kwamba Japan Rail Pass, tiketi inayosifiwa sana na watalii, haimhusu, kwa kuwa imekusudiwa watu walioingia nchini kwa matembezi ya muda mfupi. Mimi niligeukia Seishun 18, tiketi ya treni ya msimu iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, na nilisafiri nayo majira ya machipuko kutoka Yokohama hadi Hiroshima na kurudi. Neno "seishun" maana yake ni ujana, lakini mnunuzi haulizwi umri wala uraia.

Nilinunua ya siku 5 kwa yeni 12,050. Inaruhusu treni za kawaida na za haraka za JR (kampuni za reli za Japani) kote nchini, ila Shinkansen, treni ya mwendo kasi, haimo, kwa hiyo gharama yake kubwa ni muda. Kufika Osaka kulinichukua siku nzima, nikibadilisha treni Atami, Hamamatsu, Toyohashi, Ogaki na Maibara. Mkoa wa Shizuoka unachosha, kwa sababu mabehewa mengi yana mabenchi marefu ya ubavuni na abiria anatazamana na wenzake badala ya dirisha. Hata hivyo, nilisimama kwa hiari yangu karibu na Bentenjima ili nione lango jekundu la torii, yaani lango la hekalu la Kishinto, likiwa katikati ya maji ya ziwa Hamana. Baada ya Maibara nilianza kusikia wanafunzi wakisema "honma" mahali ambapo Yokohama tunasema "hontou" (yote mawili maana yake ni "kweli"), na kwangu mimi ninayejifunza lugha hii, kusikia lahaja ikibadilika kituo kwa kituo kulikuwa na thamani kuliko mwendo wa kasi.

Tiketi hiyo ilinivusha pia kwa feri ya JR hadi kisiwa cha Miyajima karibu na Hiroshima, ingawa kodi ya wageni ya yeni 100 hulipwa kando.

Jambo linalonisikitisha ni kanuni iliyoanza majira ya baridi ya 2024: siku lazima zifuatane na tiketi itumiwe na mtu mmoja, ilhali zamani marafiki waliweza kugawana siku hizo. Faida iliyokuja nayo ni kwamba sasa inapita kwenye mageti ya kujiendesha. Ya siku 3 huuzwa yeni 10,000, na kwa tofauti hiyo ndogo siishauri, isipokuwa kwa asiyepata likizo ndefu. Mimi kiangazi nitachukua tena ya siku 5, nielekee Niigata.