Matirio ya kujengea mandhari ya gemu za vijisanamu: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Wengi wakianza kujenga mandhari ya gemu za mezani, yaani vilima, kuta na majengo madogo ambamo vijisanamu vinapigana, wanakimbilia rangi na nyasi za bandia, halafu matirio yenyewe ya kujengea wanaokota chochote kilicho karibu. Mimi nasema geuza. Rangi mbaya unaipaka nyingine juu yake na maisha yanaendelea, lakini ukuta uliotengenezwa na kitu kisichokubali kuchongwa utabaki bapa hata uupake vipi. Kwa hiyo hapa napanga matirio kuanzia ya kwanza kununua mpaka ile ya kununua ukiwa na sababu maalum, na vipimo vyangu ni viwili tu: inakubali kuchorwa mawe na nyufa bila kugombana na wewe? Na ikiingizwa na kutolewa kwenye boksi kila wiki, kona zake zinabaki? Uzuri wa picha siuhesabu, manake vitu hivi vinashikwashikwa, kete zinavigonga, na kuna siku mtu ataegemea kilima chako kwa kiwiko akifikiria zamu yake.

Namba moja: XPS. Sioni hata mjadala

Hii ni ile foamu ngumu ya mafundi ujenzi, mara nyingi ya pinki au bluu, inayowekwa chini ya sakafu na kwenye kuta kuzuia joto na baridi. Ni polistireni kama ile nyeupe ya kufungia TV, ila hii imesukumwa ikatoka kipande kimoja kisicho na chembechembe, na hapo ndipo tofauti yote ilipo. Unaikata na kisu kikali inatoka laini, unaikandamiza kwa ncha ya kalamu butu inabaki na alama, unaviringisha mpira wa foili ya jikoni uliokunjamana juu yake na papo hapo unapata uso wa jiwe. Hakuna matirio nyingine inayokupa mawe kwa juhudi ndogo hivyo, na ndiyo maana utaiona kwenye meza za watu wa fantasia, watu wa vita vya kihistoria, na hata wale wa Warhammer 40,000, gemu ya vita vya siku za mbali zijazo, wanaojenga magofu ya saruji.

Ukienda kununua usiangalie rangi ya foamu, rangi ni ya kiwanda tu haina maana nyingine. Angalia nguvu ya kukandamizwa, kwa kawaida inaandikwa kwa kPa (kilopaskali) pembeni ya ubao au kwenye karatasi ya bidhaa, na 300 inatosha kabisa kwa kazi zetu. Ya 200 inachongeka pia ila inabonyea kirahisi zaidi, na ya 500 kwenda juu ni nzuri lakini unalipia uimara wa kubeba jengo la kweli ambao wewe huuhitaji. Pia ukiweza chagua zenye uso laini. Zipo zenye uso uliokwaruzwa vimraba ili saruji ishike, hizo zitakulazimu umenye uso wote kabla hata hujaanza.

Unene: kama unanunua mmoja tu, chukua wa sm 2 au 3. Unatoa vilima vya ngazi, unatoa vitofali, na ukiwa na waya wa moto wa mezani (kifaa chenye waya unaopashwa kwa umeme ukakata foamu kwa kuiyeyusha) unachana vipande vyembamba vya kuta. Wa sm 5 ni wa vilima vikubwa na miamba. Na hesabu ya meza nzima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: vipande viwili vya sm 60 kwa 120 vikilala ubavu kwa ubavu ni meza ya futi 4 kwa 4, vitatu ni futi 6 kwa 4. Mbao nyingi za XPS zina upana wa karibu na hizo sm 60 kwa hiyo kukata ni kidogo sana, na meza ya vipande ni rahisi kuihifadhi kuliko jiubao moja lisilopita mlangoni.

Udhaifu wake ni kona. XPS tupu ikigongwa inabonyea, kwa hiyo haikwepeki kuifunika na koti gumu, nitafika huko.

Namba mbili: kadibodi, lakini ile ya kijivu

Simaanishi ya maboksi yenye mawimbi ndani, hiyo ina nafasi yake na nafasi yenyewe ni ndogo (ukikata unaona mawimbi pembeni, inabidi uzibe na mkanda wa karatasi, na ikilowa tu inapinda). Namaanisha kadibodi ngumu ya kijivu ya mm 1 hadi 2, ile inayokuwa ndani ya majalada magumu ya vitabu na mgongoni mwa madaftari. Milango, madirisha, mbao za sakafu, vigae vya paa, vyote hivyo XPS haivifanyi vizuri kwa sababu ikiwa nyembamba inavunjika. Kadibodi ya kijivu inavifanya vizuri mno na mara nyingi hununui, unaokota. Boksi jembamba la nafaka linafaa vigae pia, kata mistari, chana vigae kwa mkasi bila kuvinyoosha sana, bandika kuanzia chini kwenda juu kila mstari ukilalia ule wa chini yake, na paa linakuwa paa. Ipakwe gundi iliyopunguzwa maji pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja itajikunja, hapo usilaumu gundi.

Namba tatu: foamubodi yenye karatasi

Ile ya mm 5 ya mabango na miradi ya shule, karatasi juu na chini, foamu katikati. Kwa majengo ya haraka yenye kuta bapa ni nzuri kupita XPS, nasema hivyo bila kusita, kwa sababu karatasi inaipa ukakamavu na kuta nne zinasimama kwa muda mfupi. Ila uso wake hauna texture yoyote mpaka umenye karatasi, na karatasi ya bodi nyingine inamenyeka kama maganda ya ndizi wakati ya bodi nyingine inang'oka vinyuzi vinyuzi mpaka unakata tamaa. Kabla ya kununua nyingi chukua moja, kata kona, jaribu kumenya. Kama inatoka safi rudi dukani uchukue rundo, kama haitoki itumie kwa majengo ya plasta laini na uachane na mawe.

Namba nne: MDF ya mm 3

Ni ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi. Kama kitako, yaani bamba la chini la kubandikia jengo au miti, hii ningeiweka ya kwanza. Haipindi kirahisi kama kadibodi, na ukiichonga ukingo kwa mshazari na msasa inakaa vizuri mezani badala ya kuonekana kama kisahani. Kama ukuta ndio inashuka mpaka hapa. Seti za MDF zilizokatwa kwa leza zinakuja na maungio ya meno kwenye kona na uso usio na chochote, na mtu anayezinunua ili asijenge anaishia kujenga tena juu yake kwa plasta na kadibodi. Vumbi lake si la kuchezea, vaa barakoa ukipiga msasa. Na ukingo wake unakunywa maji, upake gundi kwanza.

Namba tano: ile nyeupe ya chembechembe

EPS, ya kwenye maboksi ya vifaa vya umeme. Ni ya bure na ndio sifa yake kuu. Kwa kisu inamwaga vichembe kila mahali, vinaganda kwenye nguo, kwenye rangi, kwenye paka. Kwa waya wa moto inakatika vizuri, ndani ya kilima kikubwa inafaa, mradi uifunike yote kwa tishu zilizolowekwa gundi au plasta ya kuzibia kuta. Kuchonga matofali juu yake usijaribu.

Plasta ya kumimina na printa ya 3D

Nimeziweka pamoja mwishoni si kwa sababu ni mbaya, ila kwa sababu si za kuanzia. Plasta kwenye ukungu wa silikoni inakupa miamba mizuri kuliko kitu chochote hapa, na rangi ya maji maji inaingia kwenye nyufa zake yenyewe bila kuombwa, lakini ni nzito na ikigongwa inamegeka na kuonyesha weupe wa ndani. Miamba ya kudumu mahali pamoja sawa, meza ya kubeba hapana.

Printa ya filamenti, ile inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka kwa tabaka, inafaa kwa vitu vidogo vinavyojirudia, mapipa, milango, nguzo, vitu ambavyo kuchonga kimoja ni raha na kuchonga ishirini ni adhabu. PLA, plastiki yake ya kawaida, inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi kwa hiyo usiiache ndani ya gari juani. Ya resini, plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga, ina undani wa ajabu ila kwa mandhari ni kupoteza hela, kuta hazihitaji undani huo, na resini mbichi inataka glavu, hewa ya kutosha na pombe ya kusafishia. Nunua printa kama unaipenda printa. Kuinunua ili upate kuta tano ni hesabu isiyokaa sawa.

Sasa vifaa vya kuandamana na matirio

Kisu cha kuvunjavunja wembe, chenye wembe mrefu, na pakiti ya nyembe za akiba. Nyembe za akiba ni muhimu kuliko kisu chenyewe: wembe butu unararua XPS badala ya kuikata, na mtu anadhani kanunua foamu mbovu kumbe wembe umechoka. Laza kisu, pitisha mara mbili tatu bila kukandamiza.

Waya wa moto ni wa pili kwa umuhimu, na kama utajenga matofali mengi nunua wa mezani wenye kizuizi cha kunyooshea, ule wa mkononi ni wa vilima. Fungua madirisha. Polistireni inalainika karibu nyuzi 100 kwa hiyo huhitaji waya uwe mwekundu, ukiona moshi punguza moto. Na usikate foamu ya poliuretani kwa waya huo hata kidogo, moshi wake una sumu kali. Kama hujui foamu uliyookota ni ya aina gani, tumia kisu.

Gundi: nunua gundi nyeupe ya mbao, chupa kubwa, utaitumia kubandika, kupaka, kushika mchanga, kila kitu. Tatizo lake ni kwamba inakauka kwa kupoteza maji, na katikati ya vipande viwili vikubwa vya XPS maji hayana pa kwenda, kwa hiyo choma vijiti vya meno vishikilie na uache siku nzima au zaidi. Kata maumbo kabla ya kubandika, manake waya wa moto ukifika kwenye gundi unakwama. Gundi ya moto ni ya haraka lakini inaacha mwanya. Super glue iache kwa vijisanamu, inakula foamu ya polistireni, na gundi ya kontakti ya kawaida ya fundi viatu vilevile.

Ulaji huohuo ndio unaofanya spirei iwe ya mwisho kwenye orodha ya rangi. Ukipuliza spirei ya kopo moja kwa moja kwenye XPS uso unayeyuka. Koti la kwanza lichanganye mwenyewe: gundi nyeupe, rangi nyeusi ya akriliki, maji kidogo, paka mara mbili na usiache hata kitobo. Hilo ndilo koti gumu nililosema, linaokoa kona na linaokoa foamu.

Na rangi za vichupa vidogo, za kampuni kama Citadel au Vallejo, ni nzuri sana lakini ni za vijisanamu vya askari. Kwa kilima nunua rangi ya maji ya ukutani, isiyong'aa, kopo dogo dogo: nyeusi, kahawia, kijivu cha kati, na moja ya rangi ya mfupa. Hizo nne zinafika mbali. Kijivu juu ya nyeusi, halafu mfupa kwa brashi kavu, yaani rangi umeifuta karibu yote kwenye kitambaa ndipo unapapasa kingo za mawe tu, na brashi iwe pana na ya bei ya chini kwa sababu kazi hii inaua nywele za brashi. Ya kuingia kwenye nyufa ni hiyohiyo nyeusi au kahawia iliyopunguzwa na maji mengi na tone la sabuni ya vyombo ili isijikusanye madimbwi.

Mchanga na nyasi vinakuja baada ya hapo, na mchanga usinunue. Uokote, uoshe, uukaushe, uchekeche saizi mbili, ubandike kabla ya rangi ili upakwe pamoja na jiwe. Nyasi ndio pekee ya kununua kwenye kundi hili, chagua rangi mbili zilizopauka uzichanganye, ile kijani kali ya peke yake ipishe.