Uzoefu wangu: TPS3828-33 na draiva ya gpio_wdt kwenye Raspberry Pi 4

Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, ina wochidogi yake (saa inayoiwasha mashine upya ikiganda) ndani ya kichakataji, na kwa kazi nyingi inatosha. Udhaifu wake ni kwamba mlinzi yumo ndani ya chipu ileile anayoilinda, kwa hiyo wanaweza kuganda pamoja. TPS3828-33 ni chipu ya wochidogi inayokaa nje, na zaidi ya kuhesabu muda huangalia pia umeme: volti zikishuka chini ya 2.93 inaivuta chini pini yake ya reseti, na Pi inaanza upya.

Kwanza, msinunue chipu ya TPS3823 mkidhani ni kitu kimoja. Pini zimepangwa sawa na muda ni uleule, lakini reseti ya 3823 husukuma volti juu yenyewe. Ukiweka kitufe kwenye RUN (pini ya Pi inayoiwasha upya ikivutwa chini), kitufe na chipu vitavutana. Ya 3828 huvuta chini tu, na RUN tayari ina rezista inayoivuta juu.

Waya ni chache. VDD (pini ya umeme ya chipu) kwenye volti 3.3, kapasita ya mikrofaradi 0.1 karibu na chipu, reseti kwenye RUN ya J2 (safu ya pini kwenye bodi ya Pi), MR (pini ya reseti ya mkono) iachwe wazi. Kasheshe iko kwenye WDI, pini ambayo Pi huipiga mara kwa mara kuonyesha iko hai. Wochidogi ya chipu hii huzimika pale tu WDI inapoelea. Pi ikiwashwa, pini zake za matumizi ya jumla, yaani GPIO, namba 0 hadi 8 huvutwa juu na 9 hadi 27 huvutwa chini, kwa rezista za ndani za takriban kilo-om 50. Hiyo inatosha kuifanya chipu ione kuna kitu kimeunganishwa, ianze kuhesabu, na sekunde 1.6 baadaye ikate kabla kerneli (kiini cha Linux) haijaamka. Pi itajiwasha upya bila kikomo. Mstari wa `gpio=17=ip,np` kwenye config.txt (faili la mipangilio ya kuwasha Pi) unasaidia, ila husomwa kwa kuchelewa, kwa hiyo siutegemei.

Dawa niliyoiona inafaa ni bufa ya 74LVC1G125, chipu ndogo inayopitisha au kuzuia ishara: GPIO 17 kwenye ingizo, tokeo kwenye WDI, OE (pini inayoifungua bufa ikiwa chini) kwenye GPIO 5 pamoja na rezista ya kilo-om 10 kwenda 3.3. GPIO 5 huvutwa juu tangu mwanzo, kwa hiyo bufa imefungwa na WDI inaelea mpaka kerneli iamue.

Sasa draiva. gpio_wdt, draiva inayoipiga pini ya wochidogi, huja na kerneli, huandiki C hata mstari mmoja. Kwenye overlei (faili ndogo inayoieleza kerneli vifaa vilivyounganishwa):

```
compatible = "linux,wdt-gpio";
gpios = <&gpio 17 0>;
hw_algo = "toggle";
hw_margin_ms = <900>;
always-running;
```

Na chini ya `&gpio` weka nodi ya `gpio-hog` (agizo la kuishika pini mapema) yenye `gpios = <5 0>` na `output-low`, ili bufa ifunguke mara tu draiva ya GPIO inapoanza. Hapo ndipo CONFIG_GPIO_WATCHDOG, chaguo la kujenga draiva hii, inapolazimika kuwa `y` (ndani ya kerneli yenyewe). Ikiwa `m`, moduli hupakiwa baada ya diski kupatikana, na chipu haisubiri hivyo. Ndiyo, utajenga kerneli upya, na kwangu hii ndiyo kero kubwa kuliko zote.

Hiyo 900 si bahati nasibu. Karatasi ya chipu inasema muda ni sekunde 1.6 kwa kawaida, lakini unaweza kuwa mfupi hadi 0.9 au mrefu hadi 2.5. Kerneli hupiga pini kila nusu ya hw_margin_ms. Ukiandika 1600 itapiga kila milisekunde 800, yaani 100 tu kabla ya chipu yenye haraka kukata. Mezani itafanya kazi wiki nzima, kisha mzigo ukipanda Pi itaanza kujizima ovyo, nawe utalaumu adapta ya umeme.

`always-running` ni lazima kwa mpangilio huu. Bila hiyo, draiva ikiambiwa isimame huigeuza GPIO 17 kuwa ingizo, ikitarajia WDI ielee. Bufa haijui hilo, inaendelea kuishikilia WDI, na mashine inakatwa.

Kwenye upande wa programu, wochidogi ya ndani kwa kawaida hushika watchdog0, kwa hiyo systemd (programu inayoanzisha huduma za Linux) itaifuata hiyo. Soma `/sys/class/watchdog/watchdog1/identity`; ukiona "GPIO Watchdog", andika `WatchdogDevice=/dev/watchdog1` na `RuntimeWatchdogSec=30` ndani ya system.conf. Ongeza pia `watchdog.open_timeout=120` kwenye cmdline.txt. Bila hiyo kerneli itaendelea kupiga pini yenyewe milele hata kama systemd haikuwahi kuamka, na ulinzi wote unabaki pambo.

Kupima: weka `kernel.panic=0` ili kerneli isijiwashe yenyewe ikakudanganya, endesha `sync`, kisha `echo c | sudo tee /proc/sysrq-trigger`. Reseti inapaswa kuja ndani ya sekunde 2.5. Ikichelewa kuliko hapo, pima OE kwa multimita kabla ya kugusa programu. Ikiwa bado iko juu, hog haikusomwa.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya ile bufa.