Fundi wangu wa Mbuyuni: gauni safi, tarehe mtihani

Nianze na sifa, maana anastahili. Gauni la kitenge alilonishonea kwa sendofu ya mdogo wangu limenikaa sawasawa. Bitana imefika mpaka chini, zipu haionekani, na maua ya kitambaa yamekutana katikati ya mgongo bila kukatika. Mliowahi kushonesha kitenge cha maua makubwa mnajua mafundi wangapi hukupa nusu ua kushoto na nusu kulia, tena moja limepanda juu. Shilingi 35,000, kitambaa changu. Kwa Moshi ya leo silalamiki.

Sasa tarehe.

Nilipeleka kitambaa Jumatatu, nikatoa kianzio 20,000, nikamwambia sendofu ni "Jumamosi ijayo". Akaandika kwenye daftari la vipimo, akabana kipande cha kitenge kwa pini pembeni ya jina langu, nikaondoka na amani. Ijumaa alasiri natoka kazini, napitia kuchukua. Kitenge kiko rafu ya chini, kimekunjwa vilevile nilivyokikunja mimi. Hata chaki hakijaguswa.

"Dada, si ulisema ijayo? Hii ya kesho ni Jumamosi hii."

Akafungua daftari, kweli imeandikwa "J'mosi ijayo". Kwa hesabu yake, ya wiki hii ni hii, na ijayo ni ya wiki inayofuata. Kwa yangu, iliyo mbele yangu ndiyo inayokuja, kwa hiyo ndiyo ijayo. Vinginevyo inakwenda wapi? Wateja wawili waliokaa kwenye benchi wakagawanyika, mmoja kwake, mmoja kwangu. Hapo hasira ikapungua kidogo.

Ikarudi palepale aliposema, "Usijali dada, nakaa nalo usiku wa Jumamosi, linaisha." Usiku wa Jumamosi ndiyo sendofu yenyewe! Nilipandisha sauti mpaka cherehani za jirani zikanyamaza. Kumbe fundi ni mtu wa Tanga, na kwao alivyokulia siku huanza jua likizama. Usiku wa Jumamosi wake ni huu unaoingia Ijumaa magharibi, ule ambao magazeti huuita "usiku wa kuamkia Jumamosi". Mimi niliyekulia Kibosho, usiku hufuata mchana wake. Alikuwa ananiahidi kukesha, na mimi namfokea.

Alikesha kweli. Asubuhi kijana wake akanitumia ujumbe: "Njoo 8:00." Saa mbili kamili nipo mlangoni, kufuli. Nikasimama pale na rola kichwani chini ya mtandio. Kumbe 8:00 ya kijana ilikuwa saa nane mchana. Dawa ya hili, kutaja asubuhi, mchana au jioni, nilikuwa nayo kwenye pochi: kadi ya sendofu imeandikwa "saa 12:00 jioni" na hakuna mwalikwa aliyefikiri ni adhuhuri. Nilirudi saa nane, nikajaribu mara moja tu, hakuna kilichohitaji kurekebishwa.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano tumegawana makosa.

Mwezi uliopita, Jumatatu, nimerudi na sketi ya kupunguza kiuno. "Njoo mtondo," akasema. Neno hilo nililisikia mara ya mwisho shuleni. Nikamhesabia kwa vidole mbele ya uso wake: kesho, kesho kutwa, mtondo, Alhamisi? Alhamisi. Saa kumi ya jioni? Akacheka, "Sasa saa kumi ya alfajiri akufungulie nani?" Alhamisi jioni sketi inaning'inia kwenye msumari, imepigwa pasi. Elfu nne.

Mkienda, nunueni zipu wenyewe sokoni. Zake ni nyeusi na nyeupe tu.