Spika mpya, redio ileile: IST yangu na mafundi wawili

Nianze na redio, maana ndiyo iliyonigombanisha na kila muuza vifaa vya magari pale eneo la Gerezani, Dar es Salaam. Gari langu ni Toyota IST ya 2004. Ilishuka bandarini na redio yake ya Toyota, ile pana, yenye mdomo wa CD na mwingine wa kaseti. Kila duka ninaloingia naambiwa, "Shikamoo mzee, hiyo toa tukuwekee ya kioo." Marahaba, lakini sitoi. Nina CD zaidi ya sitini za taarabu asilia, nyingine rafiki zangu wa Unguja walinihamishia kutoka kwenye kaseti, na hizo redio za kioo nyingi hazina pa kuingizia CD. Halafu redio ya Toyota ina upana wa milimita 200, hizi nyingine 178, kwa hiyo ukibadilisha unabaki na mianya huku na huku inayozibwa kwa vipande vya plastiki. Na usiku, dashibodi inayowaka kama televisheni ni kumwita mwizi kwa jina lake.

Kasoro yake ni moja, FM inaishia 90, stesheni za juu ya hapo haishiki, kama redio nyingi za soko la Japani za umri wake. Mimi nimeishi nayo. Wapo wanaochomeka kile kidude cha kuhamisha masafa kwenye waya wa antena, ila nilichokisikia kwa jirani kinaleta mchakacho.

Basi tatizo halikuwa redio, lilikuwa spika. Karatasi ya spika ya mlango wa kushoto ilikuwa imechanika ukingoni, fidla ikipanda unasikia mtu anakuna sufuria. Sauti ya redio hii inakwenda mpaka 63. Nikifika 35, mama watoto ananyoosha mkono na kuzima, bila neno.

Nikanunua jozi ya Pioneer za inchi sita na nusu, za milango ya mbele tu, kwa shilingi 130,000. Boksi limeandikwa wati 300 kwa herufi za bango la kampeni. Ukivaa miwani na kuligeuza unakuta nyingine ndogo: 40. Hiyo ndogo ndiyo ya kuisoma. Redio isiyo na amplifaya inakula umeme wa gari, volti 14 na kidogo injini ikiwa inawaka, na kwa spika ya omu 4 ikikutolea wati 18 hivi za uhakika kila upande imejitahidi. Wati 300 utazipata wapi? Namba iliyonifaa mimi ni ya desibeli, inayoonyesha spika inaitikia vipi ikipewa umeme mdogo. Spika ya 91 inahitaji nusu tu ya umeme unaohitajika na spika ya 88 kufikia kelele ileile. Muuzaji alinishangaa nilipoiulizia. Alisema wateja wake huuliza sumaku ni nzito kiasi gani.

Kufunga nikafungiwa palepale, shilingi 30,000, na hapa ndipo manung'uniko yangu yalipo. Duka silitaji. Vijana wawili, wachangamfu kweli, soda nilinunuliwa. Dakika arobaini wamemaliza. Wakaweka muziki wao, vioo vikatetemeka, wakanitazama kama watu waliomtoa bibi harusi ndani. Nikawapa mkono. Walitaka zile spika za zamani zibaki kwao, nikakataa. Sikuwa na sababu, ni ubahili tu wa mtu wa Tanga, lakini umenisaidia, mtaona.

Njiani nikatia CD yangu. Jamani. Kelele ipo, besi haipo. Na mwimbaji hayupo popote. Kwa kawaida sauti ya mwimbaji inakaa katikati, juu ya dashibodi, kama amekuja kukaa na wewe. Huyu alikuwa ametapakaa garini kama moshi. Nikasogeza sauti yote kushoto, ikawa nzuri. Yote kulia, nzuri pia. Nikirudisha katikati, besi inakufa.

Wanaojua wameshajua. Spika moja imefungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Moja inasukuma hewa, mwenzake anaivuta, na besi zinafutana. Ukipiga muziki wa kutetemesha vioo dukani hutagundua. Ukipiga kanuni, ile ala ya taarabu ya nyuzi nyingi, na sauti ya mtu mmoja utagundua kabla hujafika taa za Buguruni.

Nilikwenda kwa fundi umeme wa mtaani kwetu Tabata, anayefanyia kazi chini ya mwarobaini, hana bango. Alifungua kava ya mlango wa kulia akanyamaza muda mrefu. "Mzee, njoo uone mwenyewe." Soketi ya Toyota ilikuwa imekatwa, waya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa selotepu nyeusi ambayo tayari ilikuwa inabanduka kwa joto. Ile nailoni inayokaa nyuma ya kava, inayozuia maji ya mvua yanayoteremka na kioo yasiingie ndani, imechanwa. Na spika imekalishwa juu ya mduara wa MDF. Mbao ya unga uliobanwa, ndani ya mlango unaolowa kila masika!

Waya kwenye Toyota nyingi zina lugha yake: mbele kushoto pinki ni chanya na zambarau hasi, mbele kulia kijani mpauko ni chanya na bluu hasi. Vijana walifuata rangi upande wa kushoto, kulia wakabahatisha. Fundi hakuniamini mimi wala hakuziamini rangi. Alitoa betri ya saa ya ukutani, ya volti 1.5, akaigusisha kwenye ncha za spika kwa sekunde moja tu. Ikitoka nje kidogo, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya. Ikizama ndani, kinyume. Alinipa na mimi nijaribu, nikacheza nayo kama mtoto.

Kisha akaulizia spika za zamani. Hapo ubahili ukalipa. Alizikata karatasi na sumaku akabakiza fremu za plastiki, zile zile zilizotoka kiwandani kwa umbo la mlango wa IST, akazifanya vikalio vya spika mpya. Mbao akatupa. Maungio akayashika kwa risasi iliyoyeyushwa kwa pasi ya kuunganishia, akavika mirija inayosinyaa ukiipasha moto. Nailoni akaiziba kwa vipande vya utepe mpana. Kabla ya kurudisha kava alishusha kioo mpaka chini mara tatu, milango yote miwili, kuhakikisha hakigongi sumaku. Dukani hilo halikufanyika. Kazi ilichukua saa tatu na nusu. Alitaka 25,000, nikampa 30,000.

Sasa hukumu. Spika zenyewe nimezipenda. Udi una mbao sasa, unasikia kidole kikiacha uzi. Kanuni inametameta, wakati mwingine kupita kiasi, nimepunguza treble hatua mbili. Mwimbaji amerudi juu ya dashibodi. Nafika 40 bila mkwaruzo, nikivuka 45 redio yenyewe inaanza kuchoka na sauti inakuwa na meno, na hapo nashusha kwa sababu redio ikizidiwa hivyo twita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, ndizo zinazoungua. Anayetaka mziki mnene wa kusikika nyumba ya tatu asipoteze pesa kwa njia hii, anahitaji amplifaya na spika ya besi, na pengine gari la mtu mwingine. Za milango ya nyuma sikuzigusa, nimepeleka sauti mbele zaidi na zinatosha kwa abiria.

Duka lile kwa kuuza spika nawapa nne kwa tano, bei ilikuwa ya haki na mzigo ni halisi. Kwa kufunga nawapa moja, ya soda.

Mama watoto siku ya kwanza hakusema kitu. Tulipofika Mandela Road alinyoosha mkono kwenye redio, nikajua anazima. Akapandisha mpaka 38.

Klipu mbili za kava ya mlango wa kulia zilivunjwa kule dukani, na kila tukipita tuta kava inalia kek-kek, hata katikati ya kiitikio. Zinauzwa Ilala, shilingi 500 moja. Jumamosi.