Trekta ya Mfugaji: Ninavyozipanga kwa Zizi la Uganda

Mkulima wa miwa kule Jinja hununua trekta akiwaza plau. Mfugaji wa Kiruhura au Nakasongola akimwiga, atarudi nyumbani na mashine isiyo yake. Kwenye ranchi plau hutoka mara moja au mbili kwa mwaka. Kazi ya kila siku ni maji.

Piga hesabu. Friesian anayekamuliwa hunywa lita 60 au zaidi siku ya jua kali. Ng'ombe 80 wanahitaji karibu lita 5,000, yaani tani tano za maji, na hapo bauza lenyewe, tela la tangi la maji, hujalihesabu. Trekta ya nguvu za farasi 75 ina uzito wa tani mbili na ushee. Kwenye tambarare hutaona shida, ila kwenye miteremko ya Isingiro mzigo ndio unaoisukuma trekta. Kwa hiyo mimi huanza kuuliza uzito na breki, nguvu ya injini baadaye. Bauza lisilo na breki zake silifungi nyuma ya trekta ndogo, hata dereva aape kwa mama yake.

Jambo la pili ni klachi. Shafti ya nyuma inayozungusha mashine, ile mafundi wanayoiita PTO, isimame pale tu unapotaka wewe. Klachi ya hatua moja ukiikanyaga, magurudumu na shafti vinasimama pamoja. Ukiwa unafunga marobota ya majani makavu ukakutana na fungu nene la majani, mashine inakabwa na unashuka kuichokoa kwa mikono. Klachi ya hatua mbili ukiikanyaga nusu, magurudumu yanasimama huku mashine ikiendelea kumeza. Usinunue bila hiyo kama unatengeneza majani makavu au saileji, majani mabichi ya kuvundika.

Sasa orodha yangu.

Ya kwanza ni Massey Ferguson 375. Si ya kisasa, na kiti chake kitakuadhibu mgongo. Lakini injini yake ya Perkins ya silinda nne haina turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, wala kompyuta, inavuta bauza, inazungusha mashine ya marobota, na fundi wa mjini Mbarara anaijua kama kiganja chake. Kati ya Juni na Agosti, mabwawa yakikauka, trekta ikilala siku tatu kungoja spea utaliona pengo kwenye makopo ya maziwa.

Ya pili, John Deere 5075E. Nayo ni ya farasi 75, silinda tatu zenye turbo, na dereva hachoki nayo upesi. Mwenye saileji nyingi na dereva mtulivu anaweza kuipandisha juu ya Massey, sitabishana naye. Ila turbo inataka oili safi na filta za kweli, na injini iachwe ingurume taratibu dakika chache kabla ya kuzimwa. Dereva wa kuzima na kukimbilia chai ataiua.

Ya tatu, Massey 240 ya farasi 50. Kwa mwenye ng'ombe wa maziwa wasiozidi 40, matete na trela dogo la samadi, hiyo inatosha na inakunywa dizeli kidogo. Mahindra 575 naiweka jirani yake: unaipata mpya kwa bei ya kuvumilika, mradi muuzaji akuonyeshe spea rafuni, si kwenye karatasi.

Mkongwe kama Ford 5000 au Massey 135, iliyoanza kuundwa 1964, nunua iwe trekta ya pili tu, ya kusimama bandani ikizungusha mashine ya kukata majani.

Trekta inayosukumwa na magurudumu yote manne? Kwa udongo mweusi unaonata, ndiyo. Kwingine jaza maji tairi za nyuma robo tatu, uzito uzisaidie kushika ardhi. Huku hakuna baridi ya kuyagandisha.

Trekta yangu ya kwanza ilikuwa mtumba, na mita ya saa za kazi ilisoma 1,900 tu. Nikafurahi. Pedali ya klachi ilikuwa imelika ikang'aa kama sarafu, nikaiona na sikujiuliza kitu. Gia ya pili ilianza kuruka wiki ya pili. Siku hizi nafika asubuhi na kuigusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, kuna wanachoficha. Nachomoa kijiti cha oili ya haidroliki: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Nainua plau juu, nazima injini, nangoja. Plau likishuka upesi, lifti imechoka. Kisha napanda mlima na mzigo kwa gia ya pili.

Na fundi nakwenda naye. Nauli yake ya Mbarara hadi Kampala nailipa mimi, na awe mtu asiyefahamiana na muuzaji.