Kitabu changu cha historia kimepata sauti

Mimi ni mwalimu nisiyeona. Kwa miaka mingi vitabu vya somo langu nilisomewa na mpwa wangu usiku, akishamaliza kazi zake za shule. Mwezi uliopita nilipeleka kitabu cha historia kwenye ofisi ndogo hapa Kisumu inayogeuza vitabu viwe breli, sauti au faili la Word.

Kabla yao nilijaribu saiba. Kijana alikipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akanipa PDF. Nilipoifungua, kompyuta ilikaa kimya: zilikuwa picha tupu, hakuna herufi hata moja ya kusomwa.

Hawa wa ofisi walianza kwa kunidai barua ya kuthibitisha kwamba siwezi kusoma maandishi ya kawaida yaliyochapwa. Nilikasirika. Dada wa mapokezi akanieleza kwa upole: "Mwalimu, barua hiyo ndiyo inayoturuhusu." Mkataba wa kimataifa wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya iliingia 2017, unaruhusu nakala ya namna hii kutengenezwa bila kumwomba mwenye hakimiliki, mradi iwafikie wasioona, wenye uoni hafifu, wenye disleksia (ugumu wa kusoma maandishi) au wasioweza kushika kitabu. Nikatia sahihi kwamba sitaisambaza.

Faili la Word lilikuja baada ya siku tisa, na nilifurahi kwelikweli. Vichwa vya sura vimewekewa alama, kwa hiyo kwenye NVDA, programu inayonisomea skrini ya kompyuta kwa sauti, naruka sura hadi sura kwa herufi H. Namba za kurasa zimebaki zilezile za kitabu. Nikiwaambia wanafunzi "fungueni ukurasa wa 84," nami nipo hapohapo. Hata ramani ya reli iliyofika Port Florence, Kisumu ya leo, mwaka wa 1901 imeelezwa kwa maneno, kituo kwa kituo. Kabla ya hapo sikuwahi kuisoma ramani hiyo mwenyewe.

Jedwali zilinichosha. Safu zilichanganyika, miaka huku, matukio kule. Nilizirudisha, wakazinyoosha kwa siku mbili. Faili la sauti la MP3 walilonipa nalo lilisoma maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, halisikiliziki. Omba Word, kisha uweke sauti ya Kiswahili ya eSpeak (programu ya kutamka maandishi) ndani ya NVDA; ni ya bure.

Mwenzangu anayeona aliniomba faili kwa WhatsApp. Nilimkatalia, na sikuona haya. Likizo ya Agosti nitaipelekea ofisi ile kitabu cha jiografia, chenye ramani tele.